Dodoma Yangu Iliyokuwa Kando ya Rhine

Mashamba ya zabibu ya Dodoma sijawahi kuyaona. Mwaka mzima nimekuwa nikilikana hili, na ningeendelea kulikana kama binamu yangu mmoja asingenipigia simu juzi kuniomba ushauri. Amepata eka mbili huko, anataka kujua miche ipandwe kwa nafasi gani. Alinisikia kwenye harusi moja Mlandizi nikieleza jinsi mizabibu ya Dodoma inavyopandwa kwenye miteremko mikali kama ukuta, kila mche na mti wake wa kuegemea, na jinsi wafanyakazi wanavyopandishwa juu kwa kigari kinachotambaa kwenye reli moja nyembamba. Mzee niliyekaa naye meza moja siku hiyo, mtumishi wa serikali aliyefanya kazi Dodoma mpaka akastaafu, aliacha kutafuna.

"Mlima upi huo?" akauliza.

"Upande wa nyuma," nikamjibu, nikajiongezea pilau.

Mlima wenyewe uko Ujerumani, kwenye bonde la mto Rhine, mahali ambapo kila kilima kina kasri juu na mizabibu ubavuni. Nilikuwa huko Agosti ya mwaka jana. Ndugu zangu wote walijua niko Dodoma, kwenye semina.

Nyumbani kwetu safari haitangazwi. Mama, ambaye ndiye aliyenifundisha, husema safari ni kama mimba changa: ya mwenyewe na Mungu wake, wengine wataona tumbo. Ukifika ndipo useme umefika. Tatizo ni kwamba kanuni hii mama huishika kwa ukali sana kwenye safari za watu wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa Ulaya kwa mara ya kwanza, nikamweleza yeye peke yake, asubuhi, kwa sauti ya chini. Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua. Kikasomwa kisomo. Shangazi akaagiza manukato, muuza mkaa akaagiza viatu, akanitumia na kipimo cha mguu kilichokatwa kwenye boksi. Kisha viza ikakataliwa. Nilijifungia nyumbani kwangu Mkuza, Kibaha, mapazia nimeyashusha, nikila mikate na chai ya rangi kama mtu anayetafutwa na polisi. Na nilipojitokeza, kwa miezi mingi watu walinisalimia, "Karibu tena! Huko wanasemaje?"

Kwa hiyo safari hii nikasema Dodoma. Mtu akikwambia anakwenda Dodoma kwenye semina humwulizi semina ya nini, kama usivyomwuliza anayekwenda msalani. Na jambo la zabibu lilinifurahisha, nakiri. Nilialikwa kusoma insha zangu kwenye chuo kimoja cha Ujerumani, halafu mwenyeji wangu akaahidi kunitembeza kwenye bonde la mvinyo. Nilijiona mjanja: uongo wenye chembe ya ukweli ndani yake. Mama alijibu kwa kuagiza zabibu.

Mama anaishi Kisarawe, ndani kidogo, njia ya kwenda Mzenga, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu baba. Nyuma kuna mikorosho, na uani kuna bafu la sakafu ya saruji iliyosuguliwa na miguu yetu mpaka ikawa kama kioo. Mwezi mmoja kabla ya safari yangu aliteleza humo akaumia nyonga. Hakuvunjika, lakini mdogo wangu wa kiume, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mlandizi, akaanza kusema mama ahamie kwake. Si mtu mbaya mdogo wangu. Ana nyumba kubwa na mke mpole. Hoja yake haikuwa nyonga tu. "Dada, bi mkubwa anachanganya mambo," aliniambia. "Anaacha sufuria motoni. Juzi kaniita kwa jina la baba. Tungoje nini?"

Na mama hakutaka kuhama. Siku ile nilipokwenda kumwona amelala ubavu mmoja, nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, maadamu mimi nipo, hakuna atakayekutoa hapa kwa nguvu."

Alinitazama. "Maadamu upo," akarudia.

Wiki mbili baadaye nikapanda ndege bila kumuaga.

Bonde lenyewe ni zuri, sina la kubisha. Mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, matishari marefu yanapita polepole, reli kila ukingo, na vijiji vimebanwa kati ya maji na mlima kama vitabu kwenye rafu. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili vizuri kiasi cha kunirekebisha, aliendesha gari taratibu ili nifaidi. Kila kona alinyoosha kidole: kasri hili la askofu, lile la kabaila, lile walilolichoma Wafaransa. Nilipomwuliza mbona makasri mengi hivyo sehemu moja, akaeleza kwamba mengi yalijengwa ili kutoza ushuru majahazi yanayopita. Walifunga mnyororo kuvuka mto, chombo kinasimama, kinalipa, kinaendelea, na baada ya kona mbili kinasimamishwa tena.

Nikacheka peke yangu. Mimi naishi kando ya barabara ya Morogoro. Nimeona malori yamepanga foleni kwenye mizani tangu nina akili. Kumbe mizani ikikaa miaka mia saba, ikaota minara, watu watatoka mbali kuja kuipiga picha.

Kicheko hicho ndicho cha mwisho nilichocheka kwa amani. Tulikuwa tumepanda kwenye shamba moja la mizabibu, nimeshika mti nisiporomoke, zabibu bado changa na ngumu kama pilipili mtama mbichi, simu ikaita. Mdogo wangu.

"Shikamoo dada. Uko Dodoma?"

"Marahaba. Si nilikwambia."

"Safi. Basi kikao cha kuhama kwa mama tumekiwahisha, ni Jumamosi hii. Mjomba anasafiri wiki ijayo, na bila yeye hakuna kikao."

Mjomba ndiye kaka wa mama, na kwetu neno la mjomba ndilo la mwisho. Nikasema Jumamosi niko kwenye semina.

"Semina gani Jumamosi, dada? Halafu Dodoma si mbali siku hizi. Panda treni ya asubuhi, ile inayosimama njiani, shuka Soga. Nakuja na gari kukuchukua, saa sita tuko kwa mama. Jioni nakurudisha Soga."

"Treni zinajaa."

"Dada!" Akacheka. "Si wewe uliyeandika gazetini kwamba Dodoma sasa ni chumba cha pili cha Kibaha? Mimi nimekikata kile kipande, kiko dukani, nimekibandika juu ya misumari."

Ni kweli niliandika. Niliandika hata kwamba treni ile imewaondolea Watanzania visingizio. Mtu anayeandika hekima kwenye gazeti awe tayari siku moja kubandikwa juu ya misumari.

Nikasema nitajitahidi, nikakata simu. Mwenyeji wangu alikuwa ameelewa yote, hayo ndiyo malipo ya kutembea na mzungu anayejua Kiswahili.

"Kwa nini usiwaambie tu kwamba uko hapa?" akauliza.

Nikamweleza habari ya viza, ya manukato, ya boksi la kipimo cha mguu. Alisikiliza kwa makini.

"Lakini sasa umeshafika," akasema. "Tumbo limeonekana."

Alikuwa na haki, na bado sikuweza. Kusema sasa kungekuwa kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba nilimdanganya mama, na kwamba siku anayonihitaji sipo. Nikaenda kando nikapiga shirika la ndege kuuliza kama naweza kurudi mapema. Hakukuwa na nafasi.

Kuanzia hapo bonde lile lilinipita kama mkanda wa picha ninaoutazama nikiwa na jino bovu. Tulivuka mto kwa pantoni, nikawa nawaza Soga. Tuliingia kwenye ghala la chini ya ardhi, mapipa makubwa kuliko jiko la mama, mwenye shamba akanimiminia mvinyo, nikasema mimi Mwislamu, akaniletea maji ya zabibu kwenye glasi ileile ndefu na kusubiri niseme kitu. Nilisema yana sukari. Akasikitika. Kwenye ngome moja walitupa viatu vya kitambaa tusikwaruze sakafu ya mbao, nikateleza nusu nianguke, na watalii wenzangu hawakuelewa kwa nini mama mtu mzima anatokwa machozi kwa sababu ya sakafu.

Jioni ya Alhamisi mama alinipigia kwa video. Amejifunza kwa wajukuu, na huishika simu karibu mno, kwa hiyo huonekana paji la uso tu na ukingo wa khanga. Alikuwa ametoka kusali isha. Kwao giza limeshaingia, taa ya sebuleni inawaka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi kando ya mto, na jua, Mungu anisamehe, lilikuwa bado juu ya mlima, linanimulika usoni kama shahidi wa upande wa mashtaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona kweupe?"

"Taa hizo, mama. Wameweka taa kubwa. Mradi mpya."

"Aa. Taa." Paji la uso likasogea. "Na hilo jumba nyuma yako, lile la minara?"

Nikageuka kana kwamba ndiyo kwanza naliona. "Chuo hicho. Dodoma vyuo wanajenga milimani."

"Chuo. Kizuri. Na hayo maji?"

"Bwawa, mama."

Tishari likapita na bendera yake. Kanisa la ng'ambo likapiga kengele, ndefu, isiyo na haya.

"Haya mwanangu," akasema mama. "Serikali inafanya kazi. Jumamosi utakuja?"

"Najitahidi mama."

"Usisahau zabibu zangu."

Picha ikakatika. Nilitegemea kuona aibu, na aibu ilikuja, lakini nyuma yake kukaja kitu kibaya zaidi. Ameamini. Mama yangu, aliyekuwa akijua nimechelewa wapi kwa kunusa vumbi la viatu vyangu, ameona jua la saa mbili usiku akaambiwa ni taa, akakubali. Ameona mto mzima akaambiwa ni bwawa. Nilikuwa nimemtungia mtihani bila kukusudia, na alikuwa ameufeli mbele ya macho yangu. Basi mdogo wangu alikuwa anasema kweli kuhusu sufuria.

Ijumaa sikukaa mahali. Mwenyeji wangu alinipeleka juu kabisa, kwenye mwamba ambao wanasema unatoa mandhari bora kuliko yote bondeni, na mimi nikawa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Ahadi yangu kwa mama niliigeuza huku na huku. Nilimwahidi mama mwenye akili zake. Je, ahadi inamfunga mtu kwa mama anayeamini taa? Je, nikimwacha peke yake na jiko na bafu lile, nitakuwa ninamheshimu au ninatunza sifa yangu ya binti mwema? Nina shahada mbili. Maswali ya aina hii nimeyajibu kwenye magazeti kwa miaka, tena kwa ufasaha.

Mwishowe nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia sitaweza kuja. Kisha nikamwambia, "Labda una haki. Nimezungumza naye jana. Kweli anachanganya."

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita na dada yake, na hakujua aiweke wapi mikono.

"Kwa hiyo niseme umekubali?"

"Sema hivyo."

Nilikata simu nikatazama chini. Mto uleule, meli ileile nyeupe ya watalii, makasri mawili yanatazamana kutoka kila ukingo kama wazee waliogombana. Mwenyeji wangu alinishika bega, akasema, "Twende, kuna upepo." Hakukuwa na upepo.

Jumamosi, saa ya kikao ilipofika, nilisukuma sahani kando. Nilimwona kila mtu mahali pake: mjomba kwenye kiti chenye mikono, mdogo wangu kwenye ukingo wa kochi akitikisa mguu, shangazi mkekani, mama amekaa ubavu usiouma. Nikapiga simu ya mdogo wangu, haikupokelewa. Nikapiga ya shangazi, imezimwa. Mwenyeji wangu, ambaye sasa alikuwa mwuguzi zaidi kuliko mwenyeji, alipendekeza tupande kwenye kasri moja la mwisho, nadhani ili nichoke. Nilipanda ngazi zote bila kuona kitu. Uani pale juu kulikuwa na kisima cha zamani na watu wanaokula aiskrimu. Simu ikaita. Mama. Si video, sauti tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kikao kimekwisha. Wanakula."

"Mama, nisamehe, semina..."

"Ngoja niseme mimi. Mdogo wako kasimama, kasema dada naye amekubali mama ahamishwe. Kweli uliyasema?"

Watu wa aiskrimu walikuwa wanacheka jambo lao. Nikasema, "Niliyasema."

"Aa. Nikadhani kakuzulia." Akavuta pumzi. "Basi nikamwambia mjomba wako: maneno ya simu si kikao, asiyekuwepo hayupo. Akasema kweli. Nikamwuliza mdogo wako: mwanangu, wewe unauza nini Mlandizi? Akasema simenti, mabati, vigae. Vigae vya bafuni unavyo? Anavyo. Vile vyenye kukwaruza, visivyoteleza? Anavyo, tele. Nikasema, basi mama yenu kaangushwa na sakafu, na mtoto wake anauza sakafu, halafu mnaitana kutoka kila kona kumhamisha mama. Si muihamishe sakafu?"

Nilijikuta nimekaa kwenye ukingo wa kisima.

"Mjomba wako kacheka mpaka kofia imedondoka. Amekata shauri, nakaa kwangu. Jumatatu mdogo wako analeta fundi. Na jiko la gesi atanibadilishia, lile langu swichi mbovu, ndiyo maana sufuria zinaungua, hakuna aliyeniuliza."

"Alhamdulillahi mama," nikasema, nikavuta kamasi.

"Usilie, sijamaliza. Kabla hawajaanza kula nikawauliza, hivi dada yenu yuko wapi? Wote wakajibu kwa pamoja: Dodoma. Shangazi yako kaongeza na jina la hoteli. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, hawa ndio wanaotaka kunilinda."

Kengele ya ng'ambo ikaanza tena, safari hii mchana kweupe.

"Mwanangu, mimi nimeswali isha, nyota ziko nje, wewe huko jua linakupofua. Taa! Taa gani inatoa kivuli kirefu hivyo? Na bwawa likapitisha meli." Nilimsikia akihama, pengine anajisogeza mbali na wanaokula, maana sauti ilishuka. "Uliogopa mdomo wangu. Sawa, ile mara ya kwanza nilikukosea. Lakini tangu Alhamisi sijamwambia mtu. Hata mjomba wako. Umeona kama naweza?"

"Nimeona mama."

"Na hawataambiwa na mimi. Ukitaka kuwaambia, utawaambia mwenyewe siku utakayochoka."

Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno marefu, nimezoea marefu. Hakunipa nafasi.

"Lipo moja tu lililoniuma," akasema. "Uliondoka bila kuniaga. Watu husafiri bila kutangaza, lakini mama huagwa. Haya. Niage sasa."

"Sasa, mama? Keshokutwa narudi."

"Kwani kurudi si safari? Niage."

Nikasimama. Watalii wakanitazama, mama mmoja Mwafrika amesimama wima kando ya kisima, mkono kifuani, simu sikioni, kama anayehutubia bonde zima.

"Mama, nasafiri."

"Unakwenda wapi?"

"Ulaya, mama. Ujerumani. Kuna mto na makasri."

"Nenda mwanangu," akasema mama. "Nenda salama, urudi salama. Mimi nipo hapahapa kwangu."